Waraka kwa Wanachama: Huruma na Kamba

KUTOKA: Katibu, kikundi cha wajitolea wa maafa, Simbo
KWA: Wanachama wote
YAH: KUHUDHURIA MAFUNZO YA AFYA NA USALAMA

Ndugu wanachama,

Mafunzo yaliyopita tulifika wachache. Wengine mlinitumia salamu kwamba kuogelea mnajua tangu utotoni. Waraka huu ndio jibu langu.

Mfa maji haachi kutapatapa, na akikukamata shingoni mtazama wote wawili. Nguvu za kuvuta wavu wa dagaa si ujuzi wa kuokoa mtu.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na ndani yake mlikuwa na watu hai. Meli ilitobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia juu ya maji ikatoka, meli ikazama. Waliotoboa walikuwa na huruma tele.

La kwetu hapa Kigoma mnalikumbuka. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walijaa kijijini Kagunga, meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini. Kipindupindu kikaingia: ndani ya mwezi ule wagonjwa walifika 3,000 hivi na vifo 31, Watanzania wakiwemo. Katika hali ile, anayembeba mgonjwa kwa mikono mitupu kisha akamega ugali bila kunawa, anapeleka ugonjwa kwa wanawe.

Kwa hiyo nasisitiza:

1. Kabla ya lolote, piga 114, Zimamoto na Uokoaji.
2. Anayezama mrushie kamba, kasia au dumu tupu lililofungwa vizuri. Kujitosa majini ni hatua ya mwisho.
3. Hakuna kupanda mtumbwi wa uokoaji bila jaketi la kuokolea, hata nahodha.
4. Glavu na gambuti kwanza, mgonjwa baadaye.
5. Klorini ya kunawia mikono ni asilimia 0.05, ya kumwagia matapishi ni kali mara kumi au zaidi. Ipimwe, isikisiwe kwa macho.
6. Aliyebeba maiti asiachwe peke yake usiku ule. Tuketi naye, asimulie akitaka.

Tukutane Jumamosi ijayo, saa 2 asubuhi, uwanja wa shule. Kila mmoja aje na kamba na dumu tupu la lita 20. Wale wanaojua kuogelea tangu utotoni, ndio tutakaoanza nao.

Wenu katika kazi,
Katibu