Kazi Ikibadilika, Mtu Asiachwe Nyuma

Ndugu msomaji, jembe lako ni la chuma. Hapa duniani uko mji uliojulikana kwa chuma kuliko kitu kingine chochote. Mji huo ni Pittsburgh, nchini Marekani.

Karibu na mji huo, mahali paitwapo Homestead, palikuwa na kiwanda kikubwa kando ya mto. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiliajiri watu wapatao 15,000. Kazi ilikuwa ngumu na ya hatari. Lakini hata mtu asiyesoma sana aliweza kulisha watoto wake na kununua nyumba.

Maji yakijaa hupwa. Mitambo ilizeeka. Chuma cha bei nafuu kilitoka nchi nyingine, kama Japani. Mwaka 1986 kiwanda cha Homestead kilifungwa. Viwanda vingine vingi vya chuma vilifungwa miaka hiyo hiyo. Vijana wengi walihama. Mwaka 1950 Pittsburgh ilikuwa na watu zaidi ya 676,000. Mwaka 2020 walikuwa kama 303,000 tu.

Je, mji ulikufa? La, haukufa. Leo watu wengi hufanya kazi za huduma. Wanatibu wagonjwa, wanafundisha, wanauza madukani, wanatengeneza programu za kompyuta. Pale Homestead kiliposimama kiwanda, sasa pana maduka.

Wengine husema, "Mji umepona." Ni kweli, mji umepona. Lakini yule mfanyakazi wa tanuri alipona? Hospitali ilitaka muuguzi mwenye cheti. Yeye alikuwa mtu mzima, na mikono yake ilizoea chuma. Wengi kama yeye walipata kazi za kufagia au kulinda, kwa mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza.

Kwa maoni yangu, kazi kubadilika si kosa. Hakuna awezaye kulizuia jambo hilo. Kosa ni kungoja mpaka lango la kiwanda lifungwe, ndipo watu wafundishwe. Mfanyakazi afundishwe kazi nyingine mapema, wakati bado anapata mshahara. Serikali na mwenye kiwanda walipe gharama, maana wote wamefaidika na jasho lake.

Nasi wakulima tujiangalie. Kijiji kinachotegemea zao moja ni kama mji unaotegemea kiwanda kimoja. Bei ikianguka, wote huanguka.

Elimu haina mwisho. Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani ni shahidi kwamba mtu mzima anaweza kujifunza. Basi tusingoje lango lifungwe.