Dole Gumba la Siku Hizi

Hivi karibuni nilikuwa mgeni wa jamaa mmoja kule Kingolwira, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro mjini. Ni mtumishi wa umma wa miaka mingi. Baada ya chakula cha jioni alimwita mpwa wake, mwanafunzi wa kidato cha nne, akamkabidhi simu: "Mpwa wangu, nijazie kazi zangu za juma hili."

Kijana akauliza, "Namba ya siri ni ile ile, mjomba?"

Mwenyeji wangu akaitikia kwa kichwa. Nilipomdodosa, alikiri kwamba namba hiyo waijua pia vijana wa duka la kutoa nakala.

Kwa Waluguru, mjomba ndiye mlezi na mwalimu wa mpwa. Kumwambia mpwa "nifundishe" ni jambo zito. Kumwambia "nifanyie" ni jepesi. Hapo ndipo aibu inapozaa hatari. Mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS katika mwaka wa fedha 2023/24, ndio unaopima utendaji wa mtumishi. Katika mitandao hiyo ya utumishi, mtu huomba likizo, uhamisho, hata mkopo unaokatwa katika mshahara. Basi aliyeshika namba yako ya siri ameushika mkono wako wa kutilia sahihi.

Wazee wetu waliijua hali hii. Mwaka 1967, theluthi mbili hivi ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Walisomewa hati na wengine, kisha wakatia dole gumba. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 Waziri Mkuu alitoa waraka uliowataka waajiri waanzishe elimu ya wafanyakazi mahali pa kazi. Kusoma kukahesabiwa kuwa sehemu ya kazi, wala si hisani.

Leo yatupasa kurudia busara hiyo. Ofisi inayoleta mashine mpya haina budi kutenga saa za kujifunza ndani ya saa za kazi. Semina ya siku moja, ambapo mkufunzi hubonyeza na wengine hutazama ukutani, haimfundishi mtu. Mtu mzima hujifunza kwa kazi yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, na kwa ruhusa ya kukosea bila kuchekwa na vijana.

Nasi katika jamaa tuna wajibu. Anayemsaidia mzazi au mjomba na aeleze kwa mdomo, mikono yake ikae mgongoni. Kumfanyia mtu kila siku ni kumrudisha kwenye dole gumba.

Jioni ya pili tulijaribu hivyo. Kazi ambayo kijana huimaliza kwa dakika tano ilimchukua mjomba karibu saa nzima. Alikosea, akafuta, akauliza, akaanza tena, mpwa akajibu kwa adabu, "Hapana, mjomba, kile cha chini yake." Alipomaliza, mwenyeji wangu aliuliza namna ya kubadili namba ya siri. Akaelezwa. Kisha akaiandika mpya, akiifunika kwa kiganja, hata mimi mgeni wake nisiione.