Maelezo ya Zana kwa Mawakala wa Akili Unde: Kazi ya Mwanaisimu

Ni jambo lisilopingika kwamba lugha ndiyo nyenzo kuu ambayo binadamu huitumia kumwelekeza mwenziwe kazini. Lisilozingatiwa ipasavyo ni kwamba lugha hiyo hiyo sasa huielekeza mashine. Makala hii inashikilia kwamba kuandika maelezo ya zana kwa mawakala wa akili unde ni tawi la isimu tumizi, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kulidai kuwa lao.

Hatari ya maelezo pungufu inadhihirika katika machimbo ya dhahabu ya Masara, Kaunti ya Migori. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu katika mchanga uliosagwa. Kisha mchanganyiko huo huchomwa, zebaki ikapaa kwa mvuke na dhahabu ikabaki. Anayeambiwa tu kwamba zebaki hunasa dhahabu ameambiwa kweli, ila ni nusu ya kweli. Hajaambiwa kwamba mvuke ule ni sumu, wala kwamba haifai kuuchomea jikoni walipo watoto. Maelezo yanayotaja manufaa pekee hugeuza zana kuwa hatari.

Wakala wa akili unde anayesimamia programu yumo katika hali iyo hiyo. Tangu Docker ilipozinduliwa mwaka wa 2013, na Google kuitangaza Kubernetes mwaka wa 2014, programu nyingi huendeshwa ndani ya makontena, yaani vifurushi vinavyobeba programu pamoja na kila inachokihitaji, mithili ya makontena ya shehena katika bandari ya Mombasa. Mnamo Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki ya MCP, ambayo kwayo zana huwasilishwa kwa wakala kwa jina, maelezo na vigezo vyake. Aghalabu wakala haoni utendakazi wa ndani wa zana. Husoma maelezo, kisha huamua.

Hapa ndipo semantiki inapohitajika. Kusimamisha nguzo ni kuiinua. Kusimamisha gari ni kulizuia lisiendelee. Je, zana iliyoelezwa kwa maneno mawili tu, "Husimamisha kontena", huliwasha au hulizima? Tena, kontena lililozimwa huweza kuwashwa upya likiwa na data yake, ilhali lililofutwa hupotea pamoja na data yote isiyohifadhiwa nje yake. Utata wa kitenzi kimoja waweza kuangamiza kumbukumbu za hospitali au za chama cha akiba.

Maelezo bora yangesomeka hivi: "Huzima kontena moja linaloendeshwa, bila kulifuta. Data iliyomo hubaki, na kontena laweza kuwashwa tena. Itumike mtumiaji anapotaka kusitisha huduma kwa muda. Isitumike kufuta kontena. Huhitaji jina kamili la kontena. Jina lisipopatikana, hurejesha ujumbe wa kosa na haizimi chochote." Humo mna kazi, matokeo, wakati wa kutumia, mpaka na mahitaji.

Sifa hizo si ngeni kwa msomaji wa pragmatiki. Kanuni za mazungumzo za Grice, zilizochapishwa mwaka wa 1975, zinadai kiasi cha kutosha, ukweli, uhusiano na uwazi. Kanuni ya kiasi ina uzito wa pekee hapa: maelezo mafupi mno humwacha wakala akikisia, na marefu mno hujaza nafasi yake ya kusomea na kuyafunika yaliyo muhimu.

Wapo watakaodai kwamba hii ni kazi ya wahandisi, na kwamba usalama hutokana na vibali, si maneno. Ni kweli kwamba zana ya kufuta yapasa kusubiri idhini ya binadamu. Hata hivyo, binadamu huyo naye huidhinisha kwa kusoma maelezo. Yakiwa na utata, idhini yake ni ya upofu. Mhandisi hujua zana inavyofanya kazi, ila si lazima ajue neno lake litasomwaje na mwingine.

Kwa hiyo, idara za Kiswahili zianze na zoezi dogo: kila darasa la semantiki liandike maelezo ya zana kumi, liwape mawakala, kisha lihesabu ni mara ngapi zana isiyofaa ilichaguliwa na kwa sababu ya neno lipi. Wasipofanya hivyo wenye lugha, maelezo yataendelea kuandikwa kwa lugha za wengine, na ombi la Mswahili litafasiriwa kwa kubahatisha.