Vichwa vya treni vya zamani visiwe chuma chakavu

Natoa maoni yangu juu ya reli ya kati, hasa vichwa vya dizeli na mabehewa ya abiria ambayo yamewahudumia wananchi wa mikoa ya magharibi kwa miaka mingi.

Sote tunaifurahia reli mpya ya upana wa milimita 1,435. Treni zake za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024, na ujenzi wa kuileta huku Tabora na kuifikisha Mwanza na Kigoma ni maendeleo ambayo mimi siyapingi hata kidogo. Hoja yangu ni nyingine. Je, reli yetu nyembamba ya upana wa mita moja, pamoja na vyombo vyake, tutaifanyia nini siku kazi yake itakapopungua? Tukikaa kimya, wanunuzi wa vyuma chakavu watajibu kwa niaba yetu.

Ndugu Mhariri, reli hii imefuata kwa karibu njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, hadi Ujiji. Kabla ya reli, mizigo ilipita mabegani mwa watu, na Wanyamwezi walisifika kote kwa kazi ya upagazi. Pembe za ndovu ziliteremka pwani, nguo na shanga zikapanda bara, na watu waliotekwa walipitishwa njia hiyo hiyo wakiwa watumwa. Wajerumani walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku. Hata meli ya Liemba ilisafirishwa kwa reli hii ikiwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma. Mwaka 1928 tawi la Mwanza lilikamilika, Tabora ikawa njia panda ya reli.

Historia hiyo watoto wetu wataiona wapi? Katika miaka ya 1950 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliagiza kutoka Glasgow vichwa vya mvuke vya aina ya 30, vikapewa majina ya makabila. Kichwa namba 3020 kinaitwa Nyaturu, jina la majirani zetu wa Singida. Lakini mtoto wa Singida akitaka kukiona itambidi aende kwenye makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Huko huko kuna kichwa namba 5918, Mount Gelai, jina la mlima ulioko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Siwalaumu ndugu zetu wa Kenya, bali nawapongeza kwa kutunza. Ninachosema ni kwamba yaliyotupita katika mvuke yasitupite katika dizeli.

Wapo wanaodhani kwamba treni ya dizeli haina thamani ya kuhifadhiwa. Nchini India, reli nyembamba ya Kalka hadi Shimla iliyofunguliwa mwaka 1903 iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na abiria wake huvutwa kwa vichwa vya dizeli.

Kwa hiyo napendekeza haya. Kwanza, Shirika la Reli Tanzania litenge mapema kichwa kimoja cha aina ya 88, vile vilivyoundwa Kanada miaka ya 1970, pamoja na mabehewa manne: la daraja la kwanza, la pili, la tatu, na la chakula. Pili, vyombo hivyo vitunzwe hapa Tabora, penye Chuo cha Reli, ili wanachuo wajifunzie kazi ya ufundi. Vipuri vitolewe katika vichwa vingine vitakavyostaafu. Tatu, treni hiyo iendeshwe mara moja kwa mwezi kutoka Tabora hadi Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo. Wanafunzi walipe nauli ndogo, watalii walipe kamili, na safari iunganishwe na tembe la Livingstone lililoko Kwihara. Wananchi wa stesheni za njiani wapate kuuza asali, karanga na maembe yao.

Najua watakuwapo watakaouliza fedha zitatoka wapi, wakati shule zina upungufu wa madawati. Mimi ni mwalimu wa kijijini, upungufu huo naishi nao. Lakini kichwa kikikatwakatwa huuzwa mara moja tu, fedha zikaisha. Kikitunzwa kitaingiza nauli kila mwezi. Tena kitafundisha. Mimi huchora ubaoni jinsi injini ya dizeli inavyozungusha jenereta, na umeme wake ukaendesha mota za magurudumu. Mtoto aliyeingia ndani ya kichwa akasikia ngurumo yake hahitaji mchoro wangu.

Naiomba wizara inayohusika iamue jambo hili sasa, kabla ya zabuni za chuma chakavu kutangazwa. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Sisi wa njia ya misafara tunaijua maana ya neno hilo kuliko wengi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Uyui,
TABORA.