Kuhama na Maandishi Yako

Kuna usemi unaorudiwa sana siku hizi, kwamba kilichoandikwa kwenye mtandao hakifutiki. Wazee huutumia kuwatisha vijana, na waandishi huutumia kujifariji. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kinachodumu mtandaoni ni aibu ya mtu. Kazi yake hupotea upesi kuliko gazeti lililofungiwa maandazi.

Tazama, ndugu msomaji, orodha ya marehemu. GeoCities, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kukusanya mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida, ilifungwa na Yahoo mwaka 2009, isipokuwa tawi la Japani lililosogea hadi 2019. Vox ikafungwa mwaka 2010. Posterous ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikazikwa. Mwaka 2019 Myspace ilitangaza kwamba picha, video na nyimbo zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda zisipatikane tena, na sababu iliyotolewa ni kazi ya kuhamisha seva. Yaani walipotea safarini! Tena usiniambie kwamba haya huwapata wapenda dezo peke yao. TypePad ilikuwa ya kulipia, nayo ilifunga milango tarehe 30 Septemba 2025, baada ya kuwapa wateja wake notisi ya mwezi mmoja hivi.

Kwa hiyo mwandishi wa mtandaoni ni mpangaji, apende asipende, na mpangaji huhama. Mimi nimehama mara mbili. Mara ya kwanza kampuni iliyonihifadhi, ambayo sitaitaja, ilinipa siku thelathini kwa barua ya mistari minne. Ninaloligombea hapa si kuhama kwenyewe. Ninagombana na watu wa aina tatu wanaokuzunguka unapofunga mizigo.

Wa kwanza ni yule kijana mtaalamu anayekuambia, “Mzee, acha ya zamani, anza upya, nani anasoma makala za mwaka 2009?” Jibu ni jepesi: anasoma yule anayezitafuta. Maandishi ya Kiswahili mtandaoni si mengi kiasi hicho cha kuyatupa. Mwanafunzi anayetaka kujua mnada wa ng'ombe ulivyokuwa ukiendeshwa katika wilaya fulani hana maktaba kumi za kuchagua. Ana makala moja, na pengine iliandikwa na mtu asiye mtaalamu aliyepita pale siku ya mnada. Ukiifuta hiyo, hajapungukiwa. Amekosa kabisa.

Tena tumekwisha kuona hasara hiyo kwa macho yetu. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza kutumika Tanzania, mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine za ada ya mwaka. Mtu aliyekuwa akiandika jioni baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi angezitoa wapi? Wengi walifunga. Kanuni zile ziliondolewa na nyingine mwaka 2020, lakini kurasa zilizofutwa kwa hofu hazikufufuka kwa tangazo la serikali. Lau wenyewe wangekuwa na nakala kabatini, leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Wa pili ni mtu wa nakili na bandika. Huyu ana nia njema, ndiyo maana ni wa hatari. Atakuhamishia makala moja moja kwa mkono, na kila moja itapokewa na nyumba mpya kwa tarehe ya siku ile aliyoibandika. Huona ni jambo dogo. La hasha! Niliandika kuhusu meli ya Spice Islander asubuhi ile ya tarehe 10 Septemba 2011, siku ilipozama kati ya Unguja na Pemba. Nilisema idadi ya waliokufa haijulikani, kwa kuwa ilikuwa haijulikani. Ukiibandika tarehe ya leo juu ya maneno hayo, umenifanya mpumbavu au mwongo. Na chini ya makala ile kulikuwa na maoni ya wasomaji, watu wakitaja majina ya ndugu zao na kuuliza kama kuna aliyewaona. Mtu wa nakili na bandika hachukui maoni. Kwake hayo ni takataka za wageni. Kwangu mimi ndiyo sehemu ya makala isiyoweza kuandikwa mara ya pili na mtu yeyote, hata mimi.

Huduma nyingi za kublogu hutoa njia bora zaidi. Ndani ya mipangilio yake mna mahali pa kupakua faili moja inayobeba makala zote, tarehe zake, mada zake na maoni yake. Nyumba mpya huisoma faili hiyo na kupanga kila kitu mahali pake. Lakini nayo ina mitego, na wanaoiuza hawaitangazi. Mara nyingi faili hiyo haibebi picha. Hubeba anwani tu za mahali picha zilipo, yaani kule kule unakohama. Mambo yote yataonekana salama mpaka siku nyumba ya zamani itakapobomolewa, ndipo picha zote zitakapogeuka visanduku vitupu. Basi hamisha picha kabla mlango haujafungwa.

Halafu kuna lile la ritifaa. Sisi wenye ng' katika lugha yetu tunalijua vizuri. Mfumo wa zamani na mfumo mpya wasipoelewana kuhusu namna ya kuhifadhi herufi, ile ritifaa iliyopinda hugeuka a yenye kofia, ikifuatwa na alama ya fedha ya Ulaya na alama ya biashara. Ng'ombe wangu wote walivuka mto wakatoka na pembe za ajabu. Ng'ambo haikusomeka. Mwingereza likimpata hili huharibikiwa pia, lakini kwake ritifaa huonyesha mmiliki au hufupisha neno. Kwetu ni sehemu ya sauti yenyewe, na mtu anayetafuta “ng'ombe” hataipata makala ile tena. Mtaalamu aliniambia ni dosari ya urembo tu. Nilimwomba aniandikie jina la babu yake bila konsonanti ya kwanza.

Wa tatu ni rafiki mwenye busara anayekushauri usafishe unapohama. Ondoa ile makala ya utabiri wa uchaguzi uliokwenda kinyume, punguza ukali hapa, rekebisha pale. Ushauri huu unavutia, kwa sababu nani hapendi kuonekana mwerevu tangu zamani? Hata hivyo, msomaji akishajua kwamba ulichagua ya kumwonyesha, ana haki ya kutilia shaka yote. Kosa la tahajia lisahihishe. Hoja uliyoiacha, andika chini yake kwamba umeiacha na mwaka gani. Lakini usiifute.

Limebaki suala la anwani, na hapa lawama naihamishia kwa wenye nyumba. Wanajua kukuachia uondoke na mizigo yako. Umoja wa Ulaya uliliweka hilo katika kifungu cha 20 cha kanuni zake za data zilizoanza kutumika Mei 2018, na Kenya ikafuata katika kifungu cha 38 cha sheria yake ya mwaka 2019. Lakini mizigo bila anwani ni nusu ya haki. Kila aliyewahi kuelekeza wenzake kwenye makala yako aliandika anwani ya zamani. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alikwisha kuonya mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Mwenye anwani aliyoisajili mwenyewe huielekeza nyumba mpya, na msomaji hata hajui kwamba umehama. Mwenye anwani ya kuazima, ile inayobeba jina la kampuni, huiacha mlangoni pamoja na funguo, ndiyo maana nasema asajili yake leo, kabla ya kuandika sentensi nyingine.

Mwenye duka akihama Kariakoo hubandika karatasi mlangoni: tumehamia mtaa fulani, mkabala na msikiti. Mitambo ya mtandao inaweza kufanya hivyo hivyo tangu zamani. Kuna ujumbe maalumu, namba 301, unaoiambia kompyuta ya msomaji kwamba ukurasa umehama moja kwa moja na sasa uko mahali fulani. Kuutuma hakugharimu karibu chochote. Kampuni inayofunga biashara iwajibishwe kisheria kuiacha karatasi hiyo mlangoni kwa miaka mitano, kwa kila mpangaji aliyeiomba, awe alilipa kodi au alikaa bure.