Sumu na Samaki: Kifaransa cha Gemu

Mwezi uliopita nalikwenda Njiru kumjulia hali mwana wa ndugu yangu, ambaye yeye na mumewe wamehamia huko kutoka Mombasa. Ukiishika barabara ya Kangundo ukaipita Komarock, wakupokea vumbi na malori ya mawe ya machimboni, na majumba yanayopanda juu kila wiki kana kwamba ardhi ya huko itatoroka. Nilitaraji kahawa na mazungumzo ya nyumbani. Nilikuta kesi.

Mshitakiwa ni mjukuu wangu wa miaka kumi na mitatu, na kielelezo cha kesi ni kichezeo cha mkononi, Nintendo iliyonunuliwa mtumba. "Ami," akasema mama yake, "hebu sema naye, labda wewe atakusikia. Kutwa kucha yumo humo. Nikimwuliza, ati asoma Kifaransa!"

Nikamwita kijana akaja, akanipa shikamoo yake, akakaa. Nikamwambia anisomee hicho Kifaransa. Naye akanifungulia gemu liitwalo Pokémon X, lililotoka mwaka 1976 na thelathini na saba juu yake, yaani 2013. Nami nikajikuta mzee mzima nimeinamia kioo kidogo kama mtoto aliyeinamia ubao wa chuoni.

Wasomaji wangu, gemu hilo lina mambo mawili yaliyonifanya nisite kutoa hukumu. Kwanza, unapolianza hukuuliza unataka lugha gani katika lugha saba: Kijapani, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kitaliano, Kihispania na Kikorea. Ukishachagua huwezi kugeuka mpaka uanze upya. (Kiswahili hakimo, nasi twajisifu kila siku kwa wingi wa wasemaji wetu.) Pili, nchi ambayo mchezaji huzunguka ndani yake imebuniwa kwa kuigiza Ufaransa, na mji wake mkuu una mnara unaofanana na ule wa Paris. Mjukuu wangu alikuwa amechagua Kifaransa, kwa sababu shuleni kwake chafundishwa na alama zake zilikuwa duni.

Nikatazama afanyavyo. Kila pambano linapoanza, maneno manne hutokea chini ya kioo, na matatu kati yake ni ya Kifaransa cha kila siku: "attaque", shambulia, "sac", mkoba, "fuite", kukimbia. Akikosea neno, mnyama wake hupigwa. Baada ya dakika mbili ni pambano jingine na maneno yale yale. Tena maandishi hayapiti mbio kama ya sinema. Hukungoja mpaka ubonyeze kidude. Mtoto ana nafasi ya kufungua kamusi, na huyu kamusi anayo kando ya goti.

Sasa nambieni, hiyo si takriri? Sisi tuliosoma chuoni twaijua. Tulianza na alifu kwa ujiti, tukaja kwenye fatha na kasra na dhuma, tukarudia mpaka koo zikakauka, wala hapana aliyesema tunapoteza wakati. Na kuna jambo ambalo ni uchungu kidogo kulisema: wengi wetu tulihifadhi sura nyingi miaka mingi kabla ya mtu yeyote kutueleza maana ya neno moja. Mtoto huyu akikutana na "feu" auona moto unawaka. Akikutana na "eau" aona maji. Neno na maana huingia pamoja kwa mlango mmoja.

Kwa hiyo nalikwisha kuelekea upande wa kijana. Kisha akaja fundi.

Mtaani kwao kuna fundi cherehani, Mkongo, mtu mpole ambaye Kifaransa alikisoma tangu darasani. Alileta kanzu ya mwenye nyumba, akakaribishwa kiti. Nikamwambia mjukuu wangu amsemeshe mgeni. Kijana akajikaza, akaeleza kwa Kifaransa kwamba mchana amekula ugali na samaki. Fundi akashituka, kisha akacheka mpaka akaishika meza. Kijana alikuwa amesema kwamba amekula ugali na sumu.

Maana samaki ni "poisson" na sumu ni "poison". Yenye s mbili hutamkwa s, na yenye s moja baina ya irabu hutamkwa z. Katika gemu lile sumu hutajwa daima, kwani wako wanyama wenye sumu, na kijana alikuwa ameliona neno hilo mara elfu. Hakulisikia hata mara moja. Wahusika wa gemu lile hawazungumzi. Maneno yao ni ya kusomwa tu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwalimu wangu wa chuo na kifimbo chake. Mwenye kusema "kalb" mahali pa "qalb" amegeuza moyo kuwa mbwa, na mwalimu hakukuachia uipite aya mpaka herufi itoke pale inapopaswa kutoka. Sikio lile halimo ndani ya Nintendo. Kampuni ya Ubisoft ilijaribu kulitia: mwaka 2007 ilitoa somo la Kifaransa kwa mashine ya DS, liitwalo My French Coach, ambalo mwanafunzi hurekodi sauti yake akailinganisha na ya Mfaransa. Ni jambo jema. Lakini anayejilinganisha mwenyewe hujisamehe upesi, na mashine haina haya ya kuonewa.

Wako watakaoniuliza juu ya uhalali. Najua kwamba mwaka 2001 wanavyuoni wa Saudi Arabia walipiga marufuku Pokémon, na moja ya sababu zao ilikuwa kufanana na kamari. Sidharau rai yao. Kamari katika mitaa yetu ya Nairobi naiogopa kuliko wao, ila nilitazama kwa jicho kali nyumbani mle sikuona senti ikiwekwa rehani. Nilichoona ni sala ya alasiri iliyokaribia kupita, na hilo nalilisema kwa sauti.

Kuhusu lugha yenyewe, sioni kwa nini mtu wa pwani aione ngeni. Wangazija ni ndugu zetu na Kifaransa ni moja ya lugha rasmi za nchi yao. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo ikafuata mwaka 2022. Isitoshe, Mfaransa naye alikopa kwa Mwarabu kama tulivyokopa sisi: "sucre" yake ni sukari yetu, "chiffre" yake na sifuri yetu ni mama mmoja, na daktari kwa lugha ya mitaani humwita "toubib", yaani tabibu. Nilipomtajia mjukuu wangu hayo aliyaandika upesi kuliko maneno yote ya gemu.

Hukumu niliyotoa ni hii. Mashine isinyang'anywe. Icheze baada ya sala na kazi za shule, saa moja, na kila siku maneno kumi yatoke kiooni yaingie daftarini. Jumamosi daftari lipelekwe kwa fundi, yasomwe kwa sauti, naye alipwe japo kwa chai na mahamri. Mama mtu hakufurahi sana. Alitaka nimpe haki yote.

Juzi kijana alinipigia simu. Alikuwa na mashaka: chuoni ameambiwa kwamba kwa Kiarabu jua ni la kike na mwezi ni wa kiume, na fundi amemwambia kwamba kwa Kifaransa ni kinyume chake, jua dume, mwezi jike. "Babu," akauliza, "nani amekosea?"