Durga Shujaa, Durga Binti

Durga Puja, sikukuu ya mungu wa kike Durga, huadhimishwa kila mwaka kati ya Septemba na Oktoba, katika mwezi wa Kihindu wa Ashwin, na kitovu chake ni mji wa Kolkata, katika jimbo la Bengali Magharibi nchini India. Chimbuko lake ni kisa cha vita. Hata hivyo, Wabengali hawakukipokea kisa hicho na kukihifadhi tu. Kwa ibada na sherehe zao wamekipa maana nyingine.

Kisa chenyewe kimo katika Devi Mahatmya, sehemu ya kitabu cha kale cha Markandeya Purana. Masimulizi yanayojulikana zaidi husema kwamba Mahishasura, pepo awezaye kujigeuza nyati, alipewa ahadi ya kutouawa na mwanamume yeyote. Mwanamke hakumhesabu. Alipowafukuza miungu mbinguni, ghadhabu yao iliungana ikawa mwanga, na katika mwanga huo akatokea Durga. Shiva alimpa mkuki wa ncha tatu, Vishnu akampa gurudumu lenye makali, na Himavat, bwana wa milima, akampa simba wa kupanda. Pepo akauawa.

Sanamu za Kolkata huonyesha tukio hilo: mungu wa kike mwenye mikono kumi, simba, na adui aliyechomwa mkuki. Lakini kando yake wamesimama wanawe wanne, Lakshmi, Saraswati, Ganesh na Kartik, ambao katika uwanja ule wa vita hawakuwapo. Wamo kwa sababu kwa Wabengali Durga pia ni Uma, binti aliyeolewa mbali, kwenye mlima Kailash, anayekuja na watoto kuwasalimu wazazi wake. Ndiyo maana Dashami, siku ya ushindi, ni siku ya kuagana vilevile. Wanawake walioolewa huipaka sanamu sindur, unga mwekundu, huilisha vitamutamu, kisha hupakana wao kwa wao. Baadaye sanamu huzamishwa katika mto Hooghly, na udongo wake hurudi majini.

Sherehe nayo imebadilisha wenyewe. Katika karne ya 18 ilikuwa fahari ya matajiri. Mmoja wao, Nabakrishna Deb, aliifanya kwa kishindo katika jumba lake la Shobhabazar, Kolkata, mwaka 1757. Mnamo 1790, katika mji mdogo wa Guptipara, huko huko Bengali, marafiki kumi na wawili walichanga fedha wakaifanya ya watu wote. Leo kamati za mitaa hukusanya michango, hujenga mabanda ya mianzi na vitambaa, na kuagiza sanamu kwa wafinyanzi wa mtaa wa Kumartuli. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021.

Kwa hiyo anayemtafuta Durga katika maandiko peke yake atamkuta shujaa. Binti yumo katika desturi za nyumbani na mitaani, na sikukuu hii haieleweki bila wote wawili.